Rask Aliyetumikia Miaka Mia Mbili

Saltley, Birmingham
9 Novemba 2018

Mama Rukiya mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limepoa kidogo. Mimi afya ninayo, alhamdulillahi. Baridi tu ndiyo hatujapatana mpaka leo.

Mpwa wako Barwako alipopita hapa mwezi jana, kabla ya kurudi huko kwako, alinifikishia maneno yako. Unauliza ulimkosea nini Yarrow hata akae Ulaya miaka kumi na saba asikupigie simu hata moja. Hukumkosea kitu, Mama. Hata sasa naandika badala ya kupiga, kwa sababu sauti yangu ungeijua.

Naishi juu ya duka la vitambaa la Shantilal, na kutwa nasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Nilihama Sweden nikidhani nikikaa na watu wa kwetu upweke utaniisha. Wapi! Mtu wa kwetu hakuulizi unafanya kazi gani. Anauliza wewe ni mwana wa nani, na babu yako nani, mpaka afike babu wa kumi. Basi chai nainywea chumbani, na msikitini imamu akitoa salamu mimi nishashika viatu. Nina upweke, Mama, sikufichi.

Kule Sweden sisi wakimbizi tulilazwa katika kambi ya kikosi cha askari wa miguu kilichovunjwa mwaka uliotangulia, baada ya kuishi karibu miaka mia nne. Nilipewa kazi ya kufagia chumba cha makumbusho yao, chenye bunduki, ngoma na madaftari ya majina. Mlinzi wake, sajini mstaafu, alipenda kusimulia, nami sikuwa na pa kwenda.

Aliniambia zamani kila mashamba machache yalitoa askari mmoja, wenye mashamba wakampa kibanda na kipande cha kulima. Jeshini alipewa jina fupi, kama Rask. Akifa, aliyeshika nafasi yake alipewa kibanda kilekile, namba ileile, na mara nyingi jina lilelile. Akanionyesha daftarini Rask aliyefia Urusi, Rask aliyekufa kwa homa, na Rask aliyezeeka akilima viazi. Sajini akacheka, akasema Rask katumikia miaka mia mbili bila likizo. Mimi sikucheka. Nilimuuliza mama yake yule wa kwanza aliambiwa nini. Akasema daftari haliandiki akina mama.

Mficha uchi hazai, basi na niseme. Mimi si Yarrow. Mimi ni Ahmednoor, yule yatima uliyekuwa ukimpakulia uji pamoja na mwanao katika kambi ya wakimbizi ya Ifo. Ulipokwenda Kismayu kumuuguza mama yako na njia ikafungwa, Yarrow alishikwa na malaria, akafariki siku tisa kabla ya ndege yake. Karatasi zake zilikuwa tayari; mimi sikuwa na karatasi wala mtu, na tulifanana hata maofisa walituchanganya. Niliwaambia waliozika kwamba aliyekufa ni Ahmednoor, nikasafiri kwa jina la mwanao. Uliporudi ukaambiwa Yarrow kaenda Sweden.

Sikuombi unisamehe leo. Lakini Barwako, ambaye hakuwahi kumwona Yarrow, alinieleza jambo lililonishikisha kalamu: kwamba kila Idi wewe huenda makaburini kumwombea dua Ahmednoor, ukisema maskini hakuacha wa kumkumbuka. Mama, kaburi lile ni la Yarrow. Miaka yote hiyo umekuwa ukimzuru mwanao.

Nisalimie Barwako, na akimaliza kukusomea haya akae nawe, asikuache peke yako. Nasalimia pia majirani wote wanaokuchotea maji.

Ni mimi niliyekula chunguni mwako,
Ahmednoor