Pikapu Yako Nimeiuza, Kaka Rauf

S.L.P. 38,
Parklands, Nairobi.
14 Agosti 2006

Mpendwa kaka Abdulrauf,

Assalaam aleikum. U hali gani huko Toronto? Shemeji na watoto hawajambo? Na mgongo wako je, umepata nafuu? Sisi tuko, alhamdulillahi. Baridi ya Agosti imetukamata, nami naandika nimejifunga shuka kama mgonjwa.

Kaka, nitakuudhi, kwa hivyo kaa kitako kwanza. Pikapu yako nimeiuza.

Naam, ile ile Datsun. Ile ambayo wewe na fundi Makau mliikata boneti ili turbo ya kuipa injini nguvu ipate pa kukaa, miezi saba mnahangaika nayo pale gereji za Grogan, mpaka ikawa inayaacha magari ya wakubwa kwenye mwinuko wa Waiyaki Way. Ulinipa ufunguo ukaniambia, "Idarus, uza chochote, hii usiuze." Sijasahau. Siku ya kumkabidhi mnunuzi ufunguo huo nililia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu.

Wajua macho ya Mama hayaoni tena, na akili nayo huja ikaenda. Kila Ijumaa nikitoka msikitini nilikuwa nikiiwasha, nazunguka nayo hadi Spring Valley, narudi. Nikifika langoni nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya wewe: naiacha ingurume dakika mbili turbo ipoe, ndipo nazima. Mama akisikia tu, huyo, anainuka kuteleka chai. "Rauf amerudi." Mwanzo nilimsahihisha. Baadaye, Mungu anisamehe, nikamwacha. Alikuwa akifurahi mno.

Mwezi wa sita alitoka mbio kukufungulia lango, akaanguka kwenye ngazi, nyonga ikavunjika. Mke wangu Nadira akasema gari lile litamuua mama mkwe wake, nami nikaona kweli. Nikamuuzia Akash, kijana wa hapa hapa Parklands, mwenye wazimu wa magari kama wako. Nilidhani Mama asiposikia ule mngurumo atatulia.

Lo, nilikosea, kaka! Ijumaa ya kwanza alikungoja. Ya pili akakungoja. Ya tatu akaniita, akanishika mkono, akaniuliza mbona tunamficha, umekufa lini. Anataka usomewe hitima. Wewe mwenyewe ulipopiga simu nikamwekea sikioni, akasema watu wa siku hizi hawana haya, wanaigiza sauti za marehemu. Sikukwambia siku ile. Nilikata nikasingizia laini mbaya.

Nikamwendea Akash nikamweleza. Kijana ana utu, hakusita. Jana Jumapili akaileta mpaka langoni. Mama akainua kichwa, akatabasamu, nami moyoni nikasema alhamdulillahi. Lakini Akash alivyoona sote tumemkodolea macho, akababaika, akazima papo hapo.

Mama akakilaza tena kichwa. Kisha akasema, "Gari ni lake, mkono si wake. Maskini mwanangu, mpaka gari lake mmeliuza."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ile ile.

Kila asubuhi ananiuliza hitima ni lini. Nimechoka, nimemwambia Ijumaa ya tarehe kumi na tano Septemba, kabla ya Ramadhani. Ameshanituma nikanunue mchele. Miaka tisa unasema mwakani, mwakani. Makaratasi ya kukaa huko umeshapata, udhuru umekwisha.

Nadira anakusalimu sana. Makau naye, kila tukionana huuliza kama huko wamekuruhusu kushika spana. Nisalimie shemeji, na watoto wabusu kwa niaba ya bibi yao. Mola akulinde, akufikishe kwetu salama.

Akash ameahidi kukuazima ufunguo siku hiyo. Njoo, Rauf. Njoo ule pilau ya hitima yako mwenyewe. Na ukifika langoni, tafadhali, usizime upesi.

Ni mimi nduguyo, niliyekukosea na ninayekupenda,
Idarus