Miguu ya Ng'ombe na Macho ya Yurani

Andalucía, Bonde la Cauca
9 Februari

Kaka yangu Arcesio,

Natumai barua hii inakukuta mzima huko Antofagasta, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Mama hajambo, anagomba kama kawaida, goti linamuuma mvua ikinyesha tu. Hajui kama nakuandikia. Nikipiga simu husimama mlangoni akijifanya anafagia, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Habari zenyewe ni za mdogo wetu Yurani. Tangu Septemba alikuwa akilalamika kwamba taa za barabarani anaziona mbilimbili, tena zina mikia. Nilimshuku. Miezi hiyo ndiyo maagizo ya Krismasi yanaingia, sufuria za miguu ya ng'ombe tunayochemshia jeli ya kuuza hazishuki motoni, na wewe unamjua Yurani kwa kutega kazi. Nikamwambia hata mimi ningeona mbilimbili kama nisingetaka kuvuta jeli. Akanijibu kwamba mimi hata maiti ningesema anajifanya.

Halafu siku moja, akitupa jeli kwenye ndoana ya nguzo aivute mpaka iwe nyeupe, akaikosa ndoana mara mbili, ikamwangukia mguuni ikiwa bado ya moto. Hapo tukampeleka hospitali, Tuluá.

Daktari alikuwa msichana, Dokta Lizcano, mpole kupita kiasi. Sikumwamini hata kidogo. Alisema kioo cha mbele cha jicho la Yurani kimekonda na kuchomoza kama ncha ya yai. Kioo hicho kimejengwa kwa nyuzi za kolajeni zilizofungwa pamoja, na za Yurani vifungo vimelegea; kila akifikicha macho kwa ajili ya moshi anazidi kuziharibu. Mama akauliza kolajeni ndiyo mdudu gani. Daktari, masikini, aliposikia kazi yetu akasema ni ileile tunayoichemsha kutoka kwenye miguu ya ng'ombe. Mama hakusikia neno jingine. Alitoka pale kifua mbele, kama aliyepewa shahada.

Tangu siku hiyo Yurani akawa analishwa jeli asubuhi, mchana na jioni, mpaka akasema ataota kwato. Mama akawatangazia majirani kwamba dawa ya macho imo kwenye sufuria yetu wenyewe, na wa hospitali hawataki tujue. Mimi nami nikaitikia. Lakini daktari alikuwa ameeleza vizuri: kinacholiwa huishia tumboni, hukatwakatwa kama nyama yoyote, hakiendi kwenye jicho kufunga nyuzi. Kinachofunga ni matone ya vitamini na mwanga maalumu. Nao haurudishi kilichoharibika, unazuia tu kisizidi, kwa hiyo tusichelewe. Nikajiuliza haraka yote hiyo ni ya nini.

Mwezi uliopita walimpima tena. Jicho la kulia limekonda mno, mwanga hauwezi kupigwa tena. Atasubiri kioo cha mtu aliyekufa, na foleni ni ndefu. La kushoto bado linaokoleka, tena kwa shida. Wamempa tarehe 26 mwezi huu, Cali. Yurani alilia sana. Kisha akawalaani wa hospitali, kwamba waliahidi kupiga simu Novemba na hawakupiga. Mama akalaani. Mimi nikalaani kuwashinda wote wawili.

Kaka, walipiga. Mama alikuwa sokoni, Yurani anaoga, nikapokea mimi. Walitaja siku na saa. Nikawaambia Yurani amepona, nafasi wampe mwingine. Nilijiambia nawashuku, kwamba wanajifunzia kwenye macho ya maskini. Uongo mtupu. Wiki ile nilikuwa nimepekua begi lake nikakuta fomu ya chuo cha uuguzi, Cali, imejazwa yote. Nikaona akipona ataondoka kama ulivyoondoka wewe, nami nitabaki na Mama na sufuria mpaka nizeeke. Sikulaumu wewe. Nakueleza tu ilivyokuwa. Nilidhani jeli itamshikilia kidogo, mwaka mmoja hivi, halafu tutaona. Nimemmaliza jicho mdogo wangu, na kila siku naona aibu kumtazama usoni.

Tarehe 26 lazima awe na mtu wa kwenda naye. Mama alijitolea, Yurani akakataa. Amenichagua mimi. Anasema mimi sidanganyiki, nitawakodolea macho wale madaktari wasimlaghai tena.

Nitampeleka. Nikimwambia kabla, naogopa hatakubali kuongozana nami, na siku itapita tena. Kwa hiyo nitamwambia jicho likishatibiwa, tukiwa bado Cali, kabla hajaniomba nimshike mkono kurudi nyumbani. Siku hiyo tafadhali usizime simu yako, hata kama uko kazini. Atahitaji ndugu mwingine wa kumpigia.

Msalimie shemeji Rosalba, na watoto uwabusu wote. Usinijibu kwa hasira kabla ya siku hiyo. Baada ya hapo niandikie lolote.

Ni mimi mdogo wako,
Nohemí