Homa Ambayo Sikuwa Nayo

Jumamosi jioni

Sijawahi kumwambia mtu: sikuwa na homa. Maman anasafisha ofisi huko mtaa wa Schuman mwaka mzima, baridi hii akapata siku tatu tu za kuota jua Málaga. Usiku wa kwanza niliogopa kulala peke yangu, nikampigia simu nikajifanya mgonjwa.

Asubuhi akabadilisha tiketi, akarudi. Viatu vya wazi alivyonunulia safari bado vimo kwenye mfuko wa duka.

Sasa anaamini kikundi chake cha maombi ndicho kimeniponya.

"Kesho natoa ushuhuda kanisani, mutoto wangu. Utasimama pembeni yangu."

Bon, nisimame mbele ya wale watu wote na...

Nasikia hatua zake kwenye korido. Kila siku naficha daftari hili chini ya mto. Leo naliacha wazi.