Mama Pindo, Picha Yako Imekataa Kukua

Mwaka umetimia, mama, tangu uiache cherehani yako na uzi ukiwa bado kwenye sindano. Hatujauchomoa.

Mtaa mzima ulikuita Mama Pindo, maana kila sare uliyoshona uliiachia kitambaa cha ziada kwa ndani. "Huyu mwakani atakuwa twiga," ulikuwa ukiwaambia wazazi. "Mtafungulia hapa." Sketi moja ilivaliwa miaka mitatu.

Kwenye picha ndiko ulikokosa subira. Simu ikijaa, unatutumia picha, halafu unafuta. "Picha yangu ya nini, na mimi mwenyewe nipo?" Nasi tukatumiana, kaka kwa dada, shangazi kwa binamu, na kila ilipopita simu hadi simu ikapungua ubora bila sisi kujua. Imebaki moja tu, ile unayocheka mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Tulitaka ienee ukuta wa sebuleni, kwa ajili ya baba. Macho yake unayajua. Picha ndogo haioni kabisa, na kila asubuhi anatuuliza, "Mama yenu mtamweka lini ukutani nimwone?"

Fundi wa picha aliikuza, ikawa vigae vigae kama sakafu ya bafuni. "Hii haina akiba ndani," alisema. "Labda kompyuta ijazie." Kompyuta ikajazia. Ngozi ikawa laini kama sahani, na ule mwanya wako wa mbele ukazibwa kwa jino ambalo hukuwahi kuwa nalo. Baba aliisogelea mpaka pua ikagusa karatasi.

"Mama mzuri," akasema kwa heshima. "Ni nani?"

Tulikosa pa kuficha nyuso zetu. Wewe ungefumua mshono na kutoa kitambaa. Sisi hatukuwa na cha kufumua.

Mwisho tukamwomba fundi achapishe ile ya vigae, hivyo hivyo ilivyo. Baba alikaa kwenye kiti chake, upande wa pili wa sebule, akafinya macho.

"Ndiye," akasema. "Na mwanya wake."

Sisi wenye macho mazima tukikusogelea, unapotea, vinabaki vigae. Inabidi turudi nyuma hadi kwenye kiti cha baba ndipo uje, na hata hapo huji vizuri. Tumejaribu kila kitu, mama. Hatujui tena la kufanya.

Unakumbukwa na mumeo, anayekusalimia kila asubuhi akiwa kitini, wanao watatu, dada yako, ambaye bado anapiga namba yako kwa kujisahau, wateja wako wote, na mjukuu wako mkubwa, ambaye wiki hii tumemfungulia pindo la mwisho ulilomwachia.

Tusamehe kwa picha, mama. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote.