Shairi la Fundi Rangi

Jengo la Kona, ghorofa ya tatu
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Mgongo umepona? Shemeji bado anakohoa? Sisi wazima, ila goti langu limeanza tena kutabiri mvua.

Mwanangu, binti yako, hajambo. Mdogo wangu, mtoto nimezaa! Shule nzima hakuna mwalimu wa ushairi kama yeye. Hata mimi wa darasa la saba nazijua mizani, maana anasahihishia kwenye meza yangu, akigonga kidole kila silabi.

Mwaka jana yule fundi rangi mrefu, aliyepaka sebule yetu, alileta posa. Alikuja na shangazi yake, akasoma shairi alilotunga mwenyewe, jasho likimtiririka. Kila ubeti uliishia hivi: "Nishike nisianguke, mkono wako ni ngazi."

Binti yako akaichukua karatasi, akatoa kalamu nyekundu, akagonga meza.

"'Ewe mwalimu wa moyo,' nane, sawa. 'Nakupenda kuliko rangi,' tisa! Mizani imemwagika, fundi, kama ndoo yako."

Akashuka ubeti kwa ubeti. Hapa kina cha kati hakipo, pale neno limerudiwa bila kazi. "Kibwagizo tu ndicho kizima. Umekiokota wapi?"

Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Nami nikatia langu: "Mpe alama basi, asiondoke mikono mitupu." Akampa tatu juu ya kumi. Shangazi mtu akainamia viatu vyake. Fundi akakunja karatasi, akasema, "Ahsante, mwalimu," wakatoka. Tangu siku ile hakuna posa nyingine iliyopanda ngazi zetu.

Jana fundi alimwoa mshona nguo wa ghorofa ya pili. Tulialikwa. Akasimama na shairi lile lile: "Ewe mshoni wa moyo, wazishinda zote rangi." Ukumbi mzima ukaitikia kibwagizo. Nikamwona binti yako anagonga goti chini ya meza, anatafuta kosa. Nami nilihesabu. Nane kwa nane, vina vyote vimekaa. Kila palipokuwa na wino mwekundu pamerekebishwa.

Leo asubuhi nikamtania, "Kumi juu ya kumi, mwanafunzi wako huyo." Hakucheka. Ameketi na madaftari, hasahihishi.

Fundi amehamia kwa mkewe, chini yetu kabisa, na tangu alfajiri anapaka kuta akiimba. Mdogo wangu, mchukue binti yako akapumzike kwako kidogo. Kibwagizo chatufikia mpaka jikoni.

Msalimie shemeji na mapacha. Mungu awafunike kwa heri.

Dada yako asiyekusahau,
Mama Mwalimu