Waya Wenye Mafundo Saba

Gereji ya Mzee,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko majini? Kile kikohozi ulichokitaja kwenye barua ya mwezi wa tano kimekuacha, au bado kinakukeshesha? Nakuombea afya, na natumaini wenzako wa chumba cha mitambo wanakupa nafasi ya kulala. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila ikifika saa nne anasahau kuwa yanauma na kuanza kutupangia kazi sote. Mimi ni mzima, sauti juu kama kawaida, yuleyule uliyembandika jina la Fyuzi kwa kuungua upesi.

Sasa kaa vizuri, maana nataka kukuandikia habari ya kitu ambacho miaka saba hii hujakiuliza hata mara moja. Nakuandikia habari ya gari.

Ndiyo, lilelile jeupe la mashindano, ambalo Baba alilijenga kwa ajili ya kukimbia zile mita mia nne za mstari ulionyooka na si kitu kingine, hata kwenda dukani halifai. Tangu afariki lilikaa pembeni ya gereji chini ya turubai, nami nilikuwa nalipita nikitazama pengine. Mwezi uliopita nikapiga moyo konde, nikalivua turubai. Nimeshajiandikisha. Jumamosi ya tarehe 18 Oktoba nitaliendesha mwenyewe. Usianze kupiga kelele, nisikilize kwanza.

Kaka, harufu yake! Nilipofungua mlango ikanijia yote kwa pamoja, petroli, mpira wa matairi, na ile sabuni kali ya Baba ya kunawia mikono. Nilikaa kwenye kiti chake nikalia, sikufichi. Nikakumbuka alivyokuwa akitukalisha sakafuni kutufundisha nyaya. Wenzetu walijifunza rangi, sisi tukajifunza mafundo, kwa sababu macho ya Baba hayakutofautisha nyekundu na kijani, na fundi umeme mzima asingekubali watu wajue. Kila waya aliufunga uzi: fundo moja stata, mawili pampu ya mafuta, matatu feni, manne moto wa plagi, matano taa, sita swichi ya kukata umeme. Wewe ulikuwa unazitambua kwa vidole huku umefumba macho, nami kwa wivu nakubana pua.

Swali la kwanza likawa lilelile lililotugombanisha. Alterneta, lile dude la kuchaji betri injini ikizunguka, ibaki au itoke? Bado naisikia sauti yako ukimpigia Baba hesabu: mbio zenyewe zinakwisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya, sasa injini ibebe mzigo ule na kuuzungusha kwa mkanda wa nini, unyonye nguvu bure, wakati betri iliyojaa inatosha? Na Baba kakaza shingo, haambiliki. Gari lisilojichaji lenyewe si gari, alisema, ni mkokoteni.

Ukaitoa kwa siri. Mbio ya kwanza tukashinda, ya pili tukashinda, mimi nikarukaruka mpaka kiatu kikanitoka. Kumbe kwenye foleni ya kusubiri, pampu na feni zilikuwa zinainywa betri taratibu, na chaja haikuwa na pa kuchomekwa mpaka mfungue nusu ya gari. Ya tatu, mbele ya uwanja mzima, stata ikalia ta-ta-ta, ikanyamaza. Tulilisukuma gari huku watu wanatupigia miluzi. Ndipo Baba akakutamkia yale maneno hadharani: "Wewe si fundi, wewe ni mbeba spana." Wiki mbili baadaye ulikuwa umepanda meli, na Baba ameirudisha alterneta mahali pake.

Fundi jirani alinishauri nitie betri ya volti kumi na sita ili moto wa plagi uwe mkali zaidi. Nikamshukuru, nikakataa. Betri hiyo inataka chaja yake peke yake, na vyombo vya Baba vimezoea kumi na mbili. Betri nimeiacha kwenye buti, uzito wake uyakandamize matairi ya nyuma. Swichi ya kukata umeme iko nje, nyuma ya gari, nikipata ajali mtu yeyote aizungushe kila kitu kizime. Ila alterneta nayo ina ukaidi wake. Usipoiunganisha na swichi hiyo sawasawa, unakata betri, nayo inaendelea kuilisha injini umeme kama haijasikia. Kila nikiitazama nilikuwa namwona Baba mwenyewe.

Lakini mkono wa kuitoa haukwenda. Nikiiacha, nakubali kwamba wewe hukuwa fundi. Nikiitoa, nambishia marehemu ndani ya gereji yake. Siku tatu nzima nilizunguka na spana mkononi kama mgeni.

Jumanne nikawa nafuata nyaya kwenye buti, vidole vikihesabu mafundo. Nikafika saba. Saba! Hatukufundishwa saba sisi. Ulikuwa waya mnene, mpya kuliko wenzake, unaanzia mahali pa betri, unapita nyuma ya bati, unatokea karibu na kibao cha namba. Mwisho wake kuna tundu la chaja, lina kifuniko chake kidogo kimejaa vumbi. Unaegesha, unachomeka, betri inajaa kati ya mbio na mbio, hufungui chochote. Sasa niambie, gari lenye alterneta linataka tundu la chaja la nini?

Nikamwita Mama. Akaja na mwiko mkononi, akayapapasa mafundo, akakaa juu ya tairi. "Hilo la kaka yako," akasema. "Baba yenu alilifunga mwezi uleule mtoto alipoondoka. Aliniambia yule mtoto alikuwa sahihi, alichosahau ni pa kuchajia tu. Nikamwambia basi mwandikie. Akasema akirudi ataliona mwenyewe."

Ebo! Nilimgombeza marehemu kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Miaka mitano, mpaka anakufa, alikuwa na neno lako, akalifunga kwenye waya badala ya kulisema! Kwa wateja hakuchoka kujisifu, "Mwanangu anawasha umeme wa meli nzima," kwako kimya. Na wewe vilevile, kichwa kigumu kilekile, hukuuliza. Najua inakuuma kwamba ulikuwa mbali tulipomzika. Mimi pia inaniuma. Lakini hakufa akiwa na kinyongo nawe, Kaka, nimeushika ushahidi kwa vidole vyangu.

Alterneta nimeitoa Jumatano. Nimeipangusa, nimeifunga kitambaa, nimeiweka rafuni. Waya wa mafundo saba nimeuunganisha, ila nati ya upande wa betri nimeizungusha kwa mkono tu. Sitaikaza mimi, na fundi mwingine akiigusa tutagombana. Uliandika kuwa meli yenu itatia nanga wiki ya pili ya Oktoba, una likizo ya wiki mbili na hujui uipeleke wapi. Sasa unajua.

Mama anakusalimu sana, chumba chako ameshakifagia hata kabla sijamaliza barua hii. Mjomba fundi bodi anakusalimu, anasema ukija umletee utani mpya, wa zamani ameuchosha. Shangazi mshonaji anataka kujua umenenepa kiasi gani. Mapacha wangu hawajakuona bado, lakini wanakuulizia.

Mungu akulinde juu ya maji hayo, na miguu yako aielekeze nyumbani salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokufokea,

Fyuzi

N.B. Nati yenyewe ni namba kumi na tatu. Spana yake iko ukutani, kwenye msumari wako. Miaka yote ile Baba hakuruhusu mtu atundike kitu kingine hapo.