Kitanda Kilichokaa Wazi Siku Nne

Same Mjini,
Jumatano jioni.

Kaka yangu Eliezeri,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mwanga, wewe, wifi Irene na watoto. Goti lako linaendeleaje? Tulipokuwa tunatoka makaburini nilikuona unalisugua, nikataka kukuuliza, lakini siku ile hatukuwa watu wa kuulizana hali. Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Hayo mengine utayasoma.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema Jumamosi ukoo unakaa kikao Suji, kwa baba mdogo Anold, na kwamba Dorkasi atakabidhi ufunguo wa nyumba arudi kwao Ugweno, kwa sababu aliyemwacha mama aoze kitandani hawezi kuendelea kulala chini ya paa la mama. Umeniomba nije niwaeleze wazee niliyoyaona, mimi niliyesomea kutunza wagonjwa. Haya, nasema. Leo nimekupigia simu mara tatu, na kila ikianza kuita naikata, maana nikiisikia sauti yako nitadanganya tena. Ndiyo maana nimeandika, na ninampa Asheri, yule dereva anayekuja Mwanga kila siku, akufikishie mkononi. Nakuomba usome mpaka chini, ndipo ukasirike.

Unakumbuka ilivyoanza. Mama alipooza upande wa kushoto, na mimi niliyerudi nyumbani na sanduku langu baada ya ndoa kunishinda ndiye niliyebaki naye miaka miwili. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimbeba mgongoni kumtoa juani. Ndipo mzee wa kanisa aliposoma tangazo baada ya ibada, kwamba kituo kimoja cha wazee hapa Same kinafundisha wahudumu bure, miezi mitatu, chakula, malazi na sare juu yao, na anayefaulu anapewa kazi. Kaka, mimi niliyeishia kidato cha pili, na miaka yangu thelathini na sita, nani mwingine angeniita darasani? Wewe ulisema niende. Dorkasi naye, mjane wa marehemu ndugu yetu Loth, mwenye shamba la maharage na watoto watatu wa kulisha peke yake, hakusita hata kidogo. Alisema mama mkwe ni mama, niende nikasome, atamwangalia.

Basi nikashuka. Tulikuwa kumi na wanne. Mwalimu wetu, Mama Fortunata, ni muuguzi mstaafu, mwanamke mkali asiyependa kurudia neno. Alituletea mwanasesere wa plastiki mwenye ukubwa wa mtu mzima, tukamwita Bibi. Huyo Bibi tulifundishwa kumgeuza kila saa mbili zikipita, kulia, chali, kushoto, na aliyemgeuza anatia sahihi kwenye kadi ya kitandani. Tulicheka mpaka machozi, maana kuna siku mwenzetu Sifael alimwomba Bibi samahani kwa kumvuta nywele.

Lakini somo hilo la kugeuza lilikuja wiki ya sita. Wiki ya tatu Dorkasi alinipigia simu. Aliniambia nyonga ya kulia ya mama imekuwa nyekundu, na kila akimlaza upande huo mama analia, akaniuliza afanyeje. Hebu niangalie mimi! Wiki tatu darasani, sare imenyooshwa kwa pasi, tayari najiona daktari. Ofisi ya Mama Fortunata iko hatua ishirini kutoka bwenini, ningekwenda kumwuliza. Sikwenda. Nilimwambia Dorkasi, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, kwamba asimsumbue mgonjwa, amwache alale upande ambao halii.

Upande ambao hakulia ulikuwa wa kushoto, ule uliopooza, kwa sababu hakuwa na hisia huko. Dorkasi alinitii. Alimlaza mama kushoto asubuhi, akamlaza kushoto jioni, na kwenye simu akawa ananiambia kwa furaha kwamba mama ametulia. Siku Mama Fortunata alipotuambia kwamba upande uliopooza ndio wa kuogopa kuliko wote, kwa kuwa hauna malalamiko, nilitoka darasani nikakimbilia nyuma ya tangi la maji. Nilimpigia Dorkasi, nikamwambia amfunue mama aangalie. Aliniambia kuna kidonda, ngumi ya mtoto ingeingia.

Wiki hiyohiyo, kaka, Mama Fortunata alitutangazia kwamba kitanda kimoja cha dirishani kimebaki wazi, na kituo kinakitoa bure kwa mzazi mgonjwa wa mwanafunzi, pamoja na dawa na kusafishwa vidonda kila siku. Akauliza nani ana mzazi anayeumwa. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Mikono yangu niliikalia. Akarudia siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne Sifael akamleta baba yake, aliyeanza kuumwa sisi tukiwa tayari darasani. Mama yetu aliishi siku kumi na moja baada ya hapo.

Ya msibani unayajua, ila uyajue na kwa upande wangu. Waliomwosha mama walitoka wameziba midomo kwa kanga, na mmoja wao, Mama Jenifer, akakunong'oneza alichokiona. Ukasimama mbele za watu, sahani za makande zikiwa mikononi mwao, ukamwita Dorkasi muuaji. Nawe usijifanye malaika, kaka, tangu Pasaka hukupanda mlima kumwona mama, lakini hilo ni lako. Dorkasi alinitazama. Kaka, alinitazama! Neno moja tu lingemwokoa, aseme kwamba ni Blandina aliyemwagiza. Hakulisema. Aliokota masufuria akaenda kuyasugua mferejini, na mimi nikala makande yangu nikamaliza.

Nikaondoka jioni ileile. Mlishangaa, binti gani anaondoka kabla ya kuanua tanga, nikawajibu nina mtihani. Hapakuwa na mtihani.

Sasa ninakuambia nilichokuwa ninakizungukia tangu mwanzo wa barua. Fomu ya kuombea nafasi ilikuwa na swali kama mwombaji ana mgonjwa nyumbani anayemtegemea, na Mama Fortunata alikuwa ametuonya pale mlangoni kwamba mwenye mgonjwa arudi kwao akamtunze, wao hawataki kunyang'anya wazee watoto wao. Nilikuwa nimeshika kalamu ya kituo. Kwenye mstari wa mama niliandika marehemu. Niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa, mama yetu akiwa nyumbani Suji anasubiri uji.

Ndiyo maana sikuweza kumwuliza mwalimu habari ya kidonda. Kidonda cha nani, wakati mama yangu alishakufa? Ndiyo maana sikunyoosha mkono. Na mama alipokufa kweli, niliomba ruhusa ya kwenda kumzika shangazi. Ruhusa ya shangazi ni siku moja. Nimemzika mama yangu kama shangazi, Eliezeri.

Leo mchana nilikwenda kwa Mama Fortunata nikamweleza yote. Sikutaka kuvaa joho la mahafali Ijumaa huku Dorkasi anafungasha vyombo Jumamosi. Hakunipigia kelele. Aliuliza mama aliitwa nani, nikamwambia. Kisha akasema kitanda kile alikiacha wazi siku nne makusudi, kwa sababu aliniona ninavyotoka darasani, akajua nina mtu, akawa anangoja niseme. Jina langu amelikata kwenye orodha, na asubuhi narudisha sare.

Kwa hiyo sina cheti wala kazi, na ninapanda Suji Ijumaa. Nakuomba, kaka, na sikuombi kingine tena maishani: barua hii isomwe kikaoni neno kwa neno, mbele ya baba mdogo Anold na mbele ya Mama Jenifer, wasikie ni agizo la nani lililomlaza mama kushoto. Kama ufunguo lazima utoke kwa mtu, chukueni wa chumba changu. Dorkasi na watoto wa Loth wabaki. Nikifukuzwa sitabisha.

Wifi Irene mpe salamu zangu, na watoto uwabusu. Baba mdogo mwambie shikamoo yangu, akitaka kuipokea. Lakini ukifika Suji usianze na wazee. Zunguka nyuma, mferejini, utamkuta Dorkasi, umsalimie yeye kwanza, na umwombe radhi kwa lile neno ulilomwita. Mwambie lilikuwa langu.

Mdogo wako,
Blandina